Ziwa Natron au Ziwa Magadi: ukiwa na safari moja tu, uende lipi?

Tazama ramani ya mpaka wa Kenya na Tanzania, magharibi ya Namanga. Kuna maziwa mawili marefu yaliyolala kwenye sakafu ileile ya Bonde la Ufa, moja upande huu wa mpaka na jingine upande wa pili. Ziwa Magadi liko Kajiado, Kenya. Ziwa Natron liko mkoa wa Arusha, Tanzania, ingawa ncha yake ya kaskazini inafika mpakani kabisa. Yote mawili yako kwenye mwinuko wa karibu mita 600, yote yana joto kali, na Wamaasai wanachunga pande zote. Katikati umesimama mlima Shompole, volkano iliyozimika zamani. Ndiyo maana wengi hudhani ukishaona moja umeona yote mawili, wakachagua lile ambalo picha yake imewavutia zaidi simuni.

Hapo ndipo watu wanapokosea. Maji yanafanana, lakini safari hazifanani hata kidogo. Magadi ni safari ya gari: unatoka Nairobi asubuhi, unaona unachokiona, jioni umerudi. Natron ni safari ya miguu na ya kulala huko. Ukienda kwa haraka utarudi ukilalamika kwamba umepigwa na vumbi kutwa nzima kwa ajili ya ziwa ambalo hukulikaribia. Swali la kujiuliza kwanza basi halihusu uzuri wa ziwa. Jiulize una siku ngapi, na magoti yako yana nguvu kiasi gani.

Chumvi yenyewe ni ipi

Chumvi ya maziwa haya si ile ya baharini. Ni magadi, yaleyale yanayotiwa kwenye maharage yaive upesi. Volkano za bonde hili zilitoa miamba na majivu yenye sodiamu nyingi. Mvua na maji ya moto ya chini ya ardhi huiyeyusha sodiamu hiyo na kuibeba hadi mabondeni, na kutoka pale hakuna mto unaoipeleka popote. Maji huingia, jua huyanywa, magadi hubaki. Mvua huku ni haba, na jua linakausha maji mengi kuliko yanayoletwa na mvua hiyo.

Matokeo yake ni maji yenye alikali kali. Kwa Natron, kipimo cha pH hupanda hadi 10.5 na zaidi, na maji ya kina kifupi yanaweza kupita nyuzi joto 40. Kwa msafiri maana yake ni nyepesi: maji haya yanachoma macho, yanawasha mchubuko wowote ulio nao mguuni, na hayanyweki. Yeyote anayekuambia utaogelea Natron au Magadi kama unavyoogelea ufukweni, mkimbie.

Tofauti ya kijiografia kati ya ndugu hawa wawili iko kwenye maji yanayoingia. Natron lina mto wa kudumu, Ewaso Ng'iro wa Kusini, unaotoka kwenye milima ya Mau huko Kenya, na lina mto Peninj pamoja na chemchemi kadhaa. Kwa hiyo mara nyingi lina maji kweli, ingawa kina chake hakifiki mita tatu. Ni kubwa: urefu wa kilomita 57 hivi na upana unaofika 22. Magadi halina mto wa maana. Linalishwa zaidi na chemchemi za maji moto yenye magadi, na muda mwingi wa mwaka sehemu kubwa ya ziwa ni gamba gumu jeupe lenye madoa ya waridi. Kuna mahali ambapo tabaka hilo linafika unene wa makumi ya mita. Urefu wake ni kama kilomita 32 na upana wake ni mdogo, kiasi kwamba ukisimama juu ya kilima unaliona kutoka kingo hadi kingo.

Magadi: ziwa lenye kiwanda katikati

Wapo wanaofika Magadi wakakasirika kwa sababu ya kiwanda. Mimi nadhani kiwanda ni nusu ya sababu ya kwenda. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, reli ya kutoka Konza ikafika pale mwaka 1915, na tangu wakati huo magadi yamekuwa yakichongwa ziwani, yakisafishwa na kupelekwa Mombasa. Leo mmiliki ni Tata Chemicals. Mji wenyewe ni mji wa kampuni, na una kila kitu: nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali, stesheni ya treni. Unapita juu ya tuta la barabara linalokata ziwa, huku maji mekundu upande mmoja na gamba jeupe upande mwingine. Kwa mwenye kamera, ni mahali adimu. Kwa mwenye watoto wanaosoma jiografia au kemia, ni somo ambalo kitabu hakiwezi kulifikisha.

Ukivuka mji na kuelekea ncha ya kusini ya ziwa, unafika kwenye chemchemi za maji moto. Nyingine zina joto la zaidi ya nyuzi 80, kwa hiyo usitumbukize mguu kabla ya kuuliza. Watu huoga na kukanda viungo kwenye vidimbwi ambavyo maji yamepoa kiasi, na wenyeji wanajua ni vipi. Hapo pia utamwona samaki mdogo wa jamii ya perege, Alcolapia grahami, anayeishi kwenye maji ya moto na yenye magadi ambayo yangewaua samaki wengine wengi. Njia ya kufika huko inachanganya, na gamba la chumvi linaloonekana gumu linaweza kumeza gari hadi ekseli. Chukua kijana wa pale akuongoze na mkubaliane bei kabla hajapanda garini.

Jambo linaloipa safari ya Magadi uzito ni Olorgesailie, ambayo iko njiani. Watu wengi hupita kibao chake bila kugeuza shingo. Ni eneo la Makumbusho ya Taifa ya Kenya ambalo wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walilichimbua miaka ya 1940, na shoka za mawe za watu wa kale zimeachwa chini palepale zilipookotwa, kwa mamia, nawe unazitazama ukiwa juu ya njia ya mbao. Nyingine zina umri wa karibu miaka milioni moja. Simama pale asubuhi ukiwa unashuka, kabla jua halijawa kali. Ukiahirisha hadi wakati wa kurudi utakuwa umechoka na hutasimama.

Natron: ziwa lenye mlima

Natron bila Ol Doinyo Lengai ni nusu ya hadithi. Mlima huu, ambao kwa Wamaasai ni Mlima wa Mungu, uko kusini ya ziwa na una urefu wa mita 2,900 na ushei. Ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya natrokaboneti, yaani lava yenye sodiamu na kaboneti nyingi badala ya silika. Inatoka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida, na inatiririka nyeusi na nyepesi kama oili chafu ya gereji. Ikipoa na kupata unyevu wa hewa hubadilika kuwa nyeupe baada ya muda mfupi. Weupe unaouona kileleni kutoka mbali, ambao wageni hudhani ni theluji, ni huo.

Kuupanda ni kazi ya usiku. Watu huanza karibu na saa sita za usiku ili kukwepa jua, wakafika ukingo wa kreta, yaani shimo la kileleni, alfajiri. Mteremko ni mkali, majivu yanateleza, hakuna kivuli wala maji, na kushuka kunaumiza kuliko kupanda. Kabla ya 2007 kreta ilikuwa imejaa lava iliyoganda na watu walitembea juu yake. Mlipuko ulioanza mwaka ule ukaifukua, na sasa kuna shimo refu ambalo unalitazama kutoka ukingoni. Hakuna aibu kuuacha mlima. Aliyezoea kutembea barabarani tu, au mwenye tatizo la goti, akae chini. Bado ana mengi ya kufanya.

Kwanza ni maporomoko ya Ngare Sero. Unafuata korongo, unavuka mto mara kadhaa maji yakifika magotini, na mwisho unakuta maji baridi yasiyo na chumvi yakimwagika ukutani. Hapo ndipo mahali pa kuogelea. Baada ya mchana mmoja wa joto la Natron utaelewa kwa nini wageni wengi hulisifu korongo hili kuliko ziwa lenyewe.

Pili ni nyayo. Karibu na kijiji cha Engare Sero kuna zaidi ya nyayo 400 za binadamu kama sisi zilizokauka kwenye tope la majivu ya volkano, wakati fulani kati ya miaka 19,000 na karibu 6,000 iliyopita. Watafiti walioandika mwaka 2020 walitambua kundi la watu 17 waliokuwa wakielekea upande mmoja pamoja, na kwa ukubwa wa nyayo wakakadiria kuwa wengi wao walikuwa wanawake. Ukisimama pale unaona vidole. Hakuna jengo la makumbusho wala maelezo marefu ukutani, kwa hiyo thamani ya ziara inategemea mwongozaji wako anajua nini. Uliza kabla ya kumlipa.

Ziwa lenyewe unalifikia kwa kutembea kwenye tambarare nyeupe, asubuhi mapema au alasiri. Wekundu maarufu unaoonekana kwenye picha za satelaiti unatokana na vijidudu vinavyopenda chumvi, na unakolea kiangazi maji yanapopungua. Kutoka ukingoni, kwa kimo cha macho ya mtu, hutaona wekundu ule kama ulivyouona kwenye picha ya angani. Utaona mng'ao, mstari wa waridi wa ndege kwa mbali, na mlima nyuma yako.

Na zile picha za popo na ndege waliokuwa kama mawe? Zilipigwa na Nick Brandt na zikaenea mwaka 2013. Aliokota mizoga iliyokaushwa na kuhifadhiwa na magadi, akaiweka juu ya matawi na kuipiga picha. Ziwa haligeuzi kiumbe kuwa jiwe akiligusa. Nasema hili kwa sababu kuna watu wanaoghairi safari kwa kuogopa, na wengine wanaokwenda wakitafuta sanamu.

Kama shida yako ni heroe

Heroe, ambao wengi tunawaita flamingo, ndio wanaowafanya watu wataje maziwa haya kwanza. Natron ndiyo pahala pa kudumu pa kuzaliana heroe wadogo (hili ni jina la spishi, si makinda) kwa Afrika Mashariki yote, na inakadiriwa kwamba robo tatu ya heroe wadogo wa dunia wamezaliwa humo. Wanajenga vichuguu vya tope katikati ya ziwa, ambako fisi na mbweha hawathubutu kwenda kwa sababu ya magadi na joto. Ulinzi huo ndio siri yao. Ndiyo sababu pia Natron iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za kimataifa mwaka 2001, na ndiyo sababu pendekezo la kujenga kiwanda cha magadi pale mwaka 2006 lilipingwa vikali na wahifadhi, hadi Tata Chemicals ikajitoa.

Lakini kumbuka: wanazaliana mahali usipofika. Hutaona viota ukiwa ukingoni, na mtu akikuahidi kukupeleka viotani anakuahidi kuwasumbua ndege. Utawaona wakila kwenye maji ya kina kifupi, pengine maelfu, pengine mia chache. Wanahama kufuata chakula, na hakuna dereva anayeweza kukuhakikishia idadi.

Magadi nako wapo, hasa karibu na chemchemi, na kuna ndege wengine wa majini wa kutosha kumridhisha mpenda ndege. Mwaka 1962 mambo yaligeuka: Natron ilifurika, heroe wakahamia Magadi kuzaa, na magadi yakaganda miguuni mwa vifaranga yakawa pingu. Watu waliingia ziwani kuwavunjia pingu hizo na kuwasukumia wengine kwenye maji mepesi zaidi. Si jambo la kila mwaka.

Kwa kweli, mtu ambaye anataka heroe tu, karibu na barabara, tena akiwa na wazee au watoto wadogo, simpeleki Natron wala Magadi. Namwambia aende Bogoria, huko Baringo. Lina chemchemi zinazoruka juu kutoka ardhini, lina tandala wakubwa, na tangu mwaka 2011 ni sehemu ya urithi wa dunia pamoja na Nakuru na Elementaita. Maji yake yamepanda sana miaka ya karibuni na kumeza barabara na baadhi ya chemchemi, kwa hiyo aulize hali ya njia kabla.

Barabara, na pesa inakokwenda

Kutoka Nairobi hadi Magadi ni kama kilomita 110 hadi 120, kupitia Ongata Rongai na Kiserian, kisha unateremka mgongo wa vilima vya Ngong hadi sakafu ya bonde. Ni lami, yenye mashimo hapa na pale, na gari dogo linafika mjini. Kwa chemchemi za kusini unahitaji gari la juu. Jaza mafuta Kiserian, nunua maji ya kutosha hapohapo, na andaa kitambulisho kwa sababu wageni hujiandikisha getini. Asiye na gari anaweza kupata matatu, ila akifika mjini bila usafiri atakuwa ameliona tuta na kiwanda tu.

Natron ni habari nyingine. Kutoka Arusha unafuata lami hadi Mto wa Mbu, halafu unakata kaskazini chini ya ukuta wa bonde kupitia Engaruka, ambako kuna magofu ya mashamba na mifereji ya karne nyingi zilizopita. Mbele ya hapo ni vumbi, mawe na makorongo ya mchanga ambayo mvua ikinyesha yanageuka mito. Gari la magurudumu yote manne, tairi za akiba mbili, na dereva aliyewahi kupita. Kodi ya gari na mafuta ndivyo vitakavyokula sehemu kubwa ya bajeti yako, na baada yake ada. Ada hulipwa kwenye mageti zaidi ya moja, kwa halmashauri na kwa kijiji, mbali na malipo ya mwongozaji. Ukinunua safari kwa wakala, mwambie aandike kila ada iliyomo. Bei inayoonekana rahisi mara nyingi imeacha mageti nje. Malazi ni kambi za mahema na nyumba chache za wageni Engare Sero. Kuanzia pale, wenye muda hupanda ukuta wa bonde kuelekea Loliondo na kuingia Serengeti kwa upande wa kaskazini mashariki, na hiyo kwa maoni yangu ndiyo njia bora ya kuitumia Natron: kituo cha siku mbili kati ya Arusha na Serengeti, badala ya kwenda na kurudi njia ileile.

Msimu? Epuka masika, Machi hadi Mei, hasa kwa Natron kwa sababu ya makorongo. Juni hadi Oktoba barabara ni kavu na Lengai inapandika vizuri zaidi. Rangi za maji hukolea kiangazi kinapokaribia kwisha, lakini joto nalo hupanda. Magadi linaendeka karibu mwaka mzima, na mvua kidogo hulipatia ziwa utando wa maji unaoakisi anga. Kwa wapiga picha hiyo ni faida.

Kama ulitaka kuelea

Wapo wanaouliza ziwa la chumvi wakiwa na picha moja kichwani: mtu amelala juu ya maji akisoma gazeti. Hiyo ni Bahari ya Chumvi, kati ya Israeli, Palestina na Jordan, yenye uso ulio zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari na unaoendelea kushuka kama mita moja kila mwaka. Kwa Afrika, kinachokaribia ni Ziwa Assal la Djibouti, mita 155 chini ya usawa wa bahari, na chumvi yake ni mara kumi ya bahari. Huko unaelea kweli. Natron na Magadi hayakupi hilo, kwa kina chake na kwa ukali wa magadi yake.

Yote mawili kwa pamoja

Inawezekana, ila usidanganywe na ramani. Kati ya Magadi na Natron hakuna kituo cha mpaka cha kugongea pasipoti, hata kama unauona mlima Shompole mbele yako na wenyeji wanapita na ng'ombe. Mgeni lazima azunguke Namanga. Kwa hiyo: siku moja ya Magadi na Olorgesailie kutoka Nairobi, kisha Namanga, Arusha, na usiku mbili au tatu Engare Sero. Ukifuata mpangilio huo, panda Lengai usiku wa pili, si wa kwanza. Usiku wa kwanza mwili bado unauma kwa barabara, na joto la mchana ule litakuwa limekunyima usingizi.